Si Mbaya, Alisema Hallgrim

Bondeni kwetu, huku Norwe, watu hawapigani. Wanaopigana ni wale wa bonde la pili, ambao hulewa kabla ya harusi badala ya kusubiri keki. Sisi mtu akikukosea unamwitikia kwa kichwa tu, miaka ishirini, mpaka mmoja wenu afe, halafu unakwenda kwenye mazishi yake na kusifia kahawa. Mimi Brage nimezaliwa hapa, nimemaliza sekondari hapa, na kila nitakachokusimulia nilikiona kwa macho haya mawili. Jicho la tatu sina, na sijawahi kulihitaji.

Basi, Jumamosi moja ya Oktoba, mama mdogo Solfrid alimpiga mumewe mdomoni kwa mguu wa elgi.

Elgi, kwa ambaye hajawahi kukutana naye barabarani, ni mnyama wa msituni mwenye miguu ya farasi na uso wa mkwe aliyenuna. Tulikuwa tumemwangusha asubuhi, na mchana alikuwa ananing'inia ghalani kwa baba mdogo Hallgrim, kachunwa, mwekundu, anatoa mvuke. Ghala lilinuka damu na majani ya msonobari. Hallgrim alikuwa na msumeno wa mifupa, mimi nilishika mbavu zisiruke, na mama mdogo alikuwa mezani anatia nyama ya kusaga mifukoni kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulimsaidia tu kushikilia. Mkono huo ulikuwa na vidole vitatu na vipande viwili, na vile vipande nitavifikia.

Kugawana elgi kwetu kuna utaratibu wake. Nyama inapangwa mafungu sawa juu ya turubai, mtu mmoja anaupa ukuta uso asione kitu, mwingine anagusa fungu na kuuliza ni la nani. Aliyegeuka anataja jina. Hakuna wa kulalamika, maana aliyegawa hakuona. Siku ile aliyegeukia ukuta alikuwa jirani yetu Oddvar, mtu mnene, mwenye sauti ya kutangazia mechi.

"Hii ya nani?" akauliza Hallgrim, akigusa fungu kwa ncha ya kisu.

"Ya Brage. Mpunguzie mafuta, hana kazi."

"Hii ya nani?"

"Yako mwenyewe, Hallgrim. Enhe, na zile hela za gari zimeingia kwangu jana. Kroni elfu sitini na kitu. Nimeagiza pikipiki ya theluji, ya njano, ili mnione mkiwa mbali."

Hallgrim akabaki ameinama na kisu chake.

Yeye na Oddvar walinunua gari la umeme la aina moja, wiki moja, kwa muuzaji mmoja. Lilikuwa linakwenda kilomita mia nne ukilichaji mara moja. Kisha kampuni ikatuma programu mpya kwa mtandao, watu wamelala, na asubuhi gari lilelile likawa linakwenda mia mbili na ushee. Hiyo ni wakati wa kiangazi. Wakati wa baridi kali ungedhani unasukuma jokofu. Wenye magari wakaungana, wakashtaki, na kampuni ikakubali kulipa mambo yaishe bila jaji.

"Zangu hazijaingia," alisema Hallgrim.

"Zitaingia. Si mawakili wetu walikupigia? Walimpigia kila mmoja kumuuliza kaumia vipi. Mimi nililia kabisa, bwana. Niliwaambia sipati usingizi, mke wangu ameanza kuniona si mwanamume." Oddvar akacheka na ukuta. Gari lake linakwenda dukani na kurudi, na duka liko mbele ya nyumba yake.

Mama mdogo aliacha mfuko wa nyama. "Walikupigia, Hallgrim?"

"Walipiga. Mwezi wa tano hivi."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa kazini."

"Wakauliza nini?"

"Kama tumepata madhara."

"Ukasemaje?"

Hallgrim alifuta kisu kwenye suruali, upande huu, kisha upande ule. "Nilisema si mbaya."

Pale mezani palikuwa na miguu minne ya elgi, imekatwa gotini, kwato na manyoya vikiwa vilevile, ya kuwapa mbwa. Mama mdogo aliuchukua mmoja kwa mikono miwili, kama mtu anayechukua ufagio, akazungusha. Nilisikia mlio kama kuni inayopasuka. Hallgrim alikwenda chini na turubai likamfuata. Alipoinuka kidevu chote kilikuwa damu, na si ya elgi, na jino lake la mbele lilikuwa limelala juu ya fungu la nyama.

Oddvar, bado uso ukutani kwa sababu utaratibu ni utaratibu, akauliza, "Sasa hii ya nani?"

Mama mdogo alikuwa amesimama juu ya mumewe, ameinua mkono wa kulia aone vizuri.

"Hivi," alisema. "Hivi ndivyo si mbaya?"

*

Sasa vidole. Januari iliyopita, alasiri, baridi nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Mama mdogo alikuwa anatoka machinjioni, ng'ambo ya mlima, ambako alikuwa mkata nyama. Nami nilikuwa nimekaa pembeni yake. Skrini ya gari iliahidi kilomita sitini, na nyumbani ilikuwa arobaini. Tulipofika juu kabisa, pale barabara inapopita tambarare na upepo haukutani na kitu chochote, ile sitini ikawa thelathini bila kupitia hamsini. Kisha kikatokea kipicha cha kobe, cha kukwambia chaji inaisha. Kisha gari likazima, na joto likazima nalo.

Kule juu simu haina mtandao. Mama mdogo alitoka akachimba theluji kwenye magurudumu akidhani atalisukuma literemke lenyewe, glavu zikalowa, akarudi ndani, glavu zikaganda. Alizivua akapuliza vidole. Aliimba nyimbo za Krismasi ingawa Krismasi ilishapita. Vidole viwili vikawa vyeupe kama mshumaa, na alipoviuma hakusikia kitu. Gunleik, dereva wa lori la kusukuma theluji, ndiye aliyevunja kioo kwa nondo, maana milango ilishaganda. Hospitali wakakata cha shahada kwenye kiungo cha kati na kile kirefu cha pembeni yake chini kidogo.

Machinjioni kisu kinataka vidole hivyo hasa. Wakamhamishia kukunja maboksi, pamoja na vijana wa Lithuania wanaomwita bosi kwa sababu wanamwonea huruma. Mshahara ukashuka, mlima ukabaki palepale, na gari likabaki lilelile. Zile elfu sitini zingekuwa betri nyingine kabla ya Januari kurudi, basi.

*

Jumatatu baada ya ule mguu wa elgi, mama mdogo alimketisha Hallgrim jikoni, mdomo umevimba kama kiazi, akaipigia yeye mwenyewe simu ofisi ya mawakili wetu Oslo na kuiweka sauti ya juu. Akajibu kijana mpole sana. Alieleza kwamba orodha imefungwa, waliosema hawakupata madhara hawamo, na anasikitika.

"Mume wangu hakusema hivyo," alisema mama mdogo.

"Sauti yake ninayo hapa, mama. Unaweza kusikiliza."

Tukasikiliza. Mwanamke mmoja anauliza, kwa kusoma, kama kupungua kwa umbali kumemletea madhara yeye au mtu wa nyumbani kwake. Mtu anakunywa kahawa. Kisha sauti ya Hallgrim, ileile anayoongea nayo na daktari wa mifugo: "Aa, si mbaya. Tunakwenda tu." Mwanamke anauliza, kwa hiyo hakuna madhara? Na Hallgrim: "Hatuwezi kulalamika."

"Rudia," mama mdogo akamwambia kijana.

"Mama, sidhani kama..."

"Rudia."

Akarudia. Nilipomtazama Hallgrim alikuwa ameziba masikio kwa viganja, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. Birika la kahawa lilimpita sentimita chache kutoka shavuni, likapasuka ukutani, na kahawa ya moto ikammwagikia shingoni. Aliondoa lile shati ngozini kwa vidole viwili, taratibu.

"Kwa nini?" mama mdogo aliuliza. Kijana wa Oslo alikuwa bado hewani, anahema.

"Alikuwa mtu nisiyemjua, Solfrid. Ulitaka nimsimulie mtu nisiyemjua habari za vidole vyako?"

"Nilitaka."

"Sikujua."

"Hukujua kwa kuwa hukuuliza. Na ungeuliza ningesema nini, mwendawazimu wewe, si ningesema si mbaya?"

Hallgrim alitoka nje. Baada ya muda tukasikia vishindo. Alikuwa amechukua nyundo ile kubwa ya kupasulia kuni na analipiga gari. Boneti ilikunjamana, taa ya kushoto ikamwagika kwenye theluji, na kila pigo alitoa sauti kama mtu anayeinua gunia. Mama mdogo alifungua dirisha.

"Endelea. Ndiye shahidi wetu huyo. Mpige na jicho la pili."

Nyundo ikabaki juu hewani. Kisha akaishusha, akakaa kwenye bampa, na kuanza kuokota vioo kimoja kimoja akivitia kwenye kofia yake.

Lilibaki baraza la usuluhishi la wilaya, watu watatu wa hapahapa ambao unawapelekea ugomvi kabla ya kwenda mahakamani. Wao wangeweza kusema kampuni imrudishe Hallgrim kwenye orodha. Hallgrim akaandikisha shauri. Kilichotakiwa ni mashahidi.

*

Tulikwenda kwa Oddvar mimi na Hallgrim. Alikuwa uani anaipangusa pikipiki ya njano kwa taulo la kuogea.

"Nataka uje barazani," alisema Hallgrim, kwa shida, maana ule mwanya ulimfanya apulize kila neno. "Useme tu kwamba magari yetu ni sawa."

"Nimesaini kunyamaza, jirani. Wote tuliolipwa tumesaini. Nikifungua mdomo wanazichukua."

"Hata neno moja?"

"Wewe si walikupa neno moja? Ukalichagua mwenyewe." Oddvar alikunja taulo. Nadhani aliona amekuwa mkali, maana aliingiza mkono mfukoni akatoa noti ya mia tano. "Chukua basi. Mnunulie Solfrid glavu. Zipo zile za watoto wachanga, zisizo na vidole. Bei nafuu."

Alisema kama utani. Hata mimi, Mungu anisamehe, tumbo lilianza kucheka kabla kichwa hakijasikia.

Hallgrim alimpiga kichwa cha pua. Hakumpiga ngumi, alimpiga kichwa, kama kondoo dume, na pua ya Oddvar ikalala upande. Wakaangukia pikipiki, ikaanguka nao. Oddvar ni mzito, alimgeuza Hallgrim, akamkalia kifuani na kumsukumizia theluji mdomoni kwa viganja, kwenye ule mwanya, "kula, kula, lalamika basi." Hallgrim alipata kipande cha plastiki cha pikipiki kilichovunjika akamchana nacho shavu toka sikioni hadi kidevuni. Theluji ikawa kama lile turubai la Jumamosi. Mimi nilimshika Oddvar mikono kwa nyuma ili asiumie zaidi, ingawa yeye mpaka leo amelielewa vingine, na Hallgrim akapata nafasi ya magoti mawili mbavuni. Mke wa Oddvar ndiye aliyetumaliza, kwa mpira wa maji ya kuoshea ng'ombe. Kwa baridi ile maji yaligandia nguoni. Tulirudi nyumbani nguo zikigongana kama vyombo vya udongo.

Polisi alikuja kesho yake, akanywa kahawa, akaandika faini, akauliza Hallgrim anaendeleaje.

Hallgrim akafungua mdomo. Mama mdogo akamtazama.

"Nimevunjika mbavu mbili," alisema Hallgrim, "na zinauma sana." Lilimtoka kama mtu anayetaja tusi mbele ya mchungaji. Mama mdogo akamkatia kipande kinene cha jibini.

*

Baraza lilikaa Desemba, chumba kilicho juu ya maktaba. Mwenyekiti alikuwa Aslaug, mwalimu mstaafu aliyetufundisha wote kusoma. Kulia kwake Eldor, mfuga kondoo. Kushoto mama mmoja wa benki aliyekaa siku nzima bila kusema kitu. Wakili wa kampuni alikuwa Oslo, kwenye runinga, na nyuma yake ua kwenye chungu.

"Bwana Hallgrim aliulizwa swali wazi," alisema wakili. "Alijibu si mbaya. Kwa Kinorwe cha kawaida, si mbaya maana yake si mbaya."

Eldor akajikuna shingo. "Baba mkwe wangu aliangukiwa na msonobari. Alipondeka kutoka kiunoni kwenda chini. Tukamuuliza yukoje, akasema si mbaya. Tulimzika Alhamisi."

Watu wakacheka, hata Aslaug.

"Basi kwa lugha hiyo," aliuliza wakili, bila hasira, "mtu atajuaje kama kuna madhara?"

"Unakwenda kumtazama," alisema Eldor. "Mtu wa huku akikwambia si mbaya, unavaa viatu."

Aslaug aliandika hayo. Mama wa benki akatikisa kichwa kukubali. Nikaona kabisa jambo linakuja upande wetu, kama ng'ombe anayerudi bandani mwenyewe. Kilichobaki ni mama mdogo kueleza.

"Solfrid," alisema Aslaug, "tuambie siku ile mlimani ilikuwaje."

Mama mdogo alikuwa amevaa sweta ya kanisani. Mkono wa kulia ulikuwa chini ya meza. Alimtazama Aslaug, akaitazama runinga, na shingo yake ikaingia madoa mekundu.

"Kulikuwa na ubaridi," alisema.

Aslaug aliinua kalamu.

"Ubaridi kiasi gani?"

"Ubaridi tu. Wa kawaida wa Januari."

Hallgrim alifumba macho. Mimi nikamtazama mwanamke huyu aliyeng'oa jino la mtu kwa kwato, nikamwona anatafuta neno kubwa zaidi na hana, hakuwahi kupewa. Kwenye runinga wakili alikuwa ameanza kuandika. Basi nikasimama.

"Mimi nilikuwamo," nilisema. "Nilikuwa nimekaa pembeni yake."

Mama mdogo alinivuta shati. Sikukaa. Nilieleza yote, kobe, upepo, glavu, nyimbo za Krismasi. Nilieleza alivyoviuma vidole na asisikie kitu. Nikaongeza kwamba vilikuwa vinagongana kama vijiti, na kwamba niliviweka kwapani mwangu, nikalia, machozi yakaganda. Nilieleza vizuri mno. Mama wa benki alitoa leso. Wakili aliacha kuandika. Hata mimi nilianza kuhisi baridi.

Mlango ukafunguka akaingia Gunleik, shahidi wetu wa mwisho, amechelewa kwa sababu ya zamu, theluji mabegani. Alikaa pembeni akanisikiliza mpaka mwisho, kofia mapajani.

"Gunleik," alisema Aslaug, "ndiwe uliyevunja kioo. Uliwakuta katika hali gani?"

"Nani na nani?"

"Solfrid na Brage."

Gunleik ni mtu wa polepole. Lori lake lenyewe humngoja. Alinitazama bila ubaya wowote.

"Mle ndani mlikuwa na mtu mmoja," alisema. "Nilimtoa kwa dirisha. Hakuweza kufunga mdomo. Vidole vilikuwa kama mawe. Huyu kijana alikuwa nyumbani."

"Umejuaje?" aliuliza wakili, na uso wake ukasogea mpaka ukajaa runinga.

"Nilimpigia mimi. Nilipofika darajani, simu iliposhika. Kwanza nilimpigia Hallgrim, alikuwa msituni. Nikamwambia nimempata Solfrid. Akauliza yukoje, nikasema si mbaya. Akakata kabla sijamaliza. Gari si lilikuwa mlimani, kwa hiyo alikuja na trekta. Nilimkuta mlangoni mwa hospitali na trekta, hana hata kofia."

Hallgrim alikuwa anaangalia magoti yake.

"Na Brage?"

"Na yeye nilimwambia hivyohivyo. Akauliza yukoje, nikasema si mbaya." Gunleik aligeuza kofia. "Akasema haya, asante. Nyuma yake kulikuwa na bunduki zinalia. Mchezo wa kompyuta, nadhani. Ulikuwa unamwendea vizuri."

Eldor alikuwa ananitazama miguuni, kwenye viatu.

"Samahani, mwenyekiti," alisema wakili. "Nimeambiwa hapa kwamba mtu yeyote wa bonde hili akisikia neno lile anaelewa kuna msiba. Ningependa kumuuliza huyu kijana swali moja tu. Amezaliwa huko?"

"Hapahapa," alisema Aslaug. "Nilimfundisha kusoma."

"Brage, ulipoambiwa mama yako mdogo si mbaya, ulielewa nini?"

Nikisema nilielewa yuko salama, kampuni imeshinda. Nikisema nilielewa kuna msiba, basi nilikaa na kucheza huku nikijua. Nina jibu la kila kitu mimi, uliza mtu yeyote. Nilimtazama Hallgrim, nikamtazama Gunleik, nikalitazama lile ua kwenye chungu.

Mama mdogo alitoa mkono wake wa kulia chini ya meza. Aliuweka juu, polepole, kiganja chini, vile vipande viwili vikielekea upande wangu na si upande wa baraza.

"Brage," alisema. "Umeulizwa."